Sleyum bin Marhoon na Hati Zilizosomwa kwa Sauti

Tarehe 31 Disemba 1970, Bwana Sleyum bin Marhoon anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi ya benki: Unguja kwanza, kisha, tangu 1964, hapa kwetu Maskati.

Katikati ya miaka hiyo aliwahi kuwa Mheshimiwa. Watu wa jimbo lake walimchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Unguja, akakaa kipindi kimoja tu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba asiyejua kusoma asomewe hati kabla ya kuitia dole. Vijana wafahamu: dole gumba lenye wino lina nguvu ya saini, nalo halijui lilichokubali. Hoja ilianguka, na uchaguzi uliofuata akaanguka yeye.

Kwetu alianza upya, karani wa kaunta, maana vyeti vyake vilibaki Unguja. Kwenye kikao chake cha kwanza alisimama akamwita meneja "Mheshimiwa Spika". Tulicheka hadi machozi. Yeye alicheka kuliko sisi.

Alisoma kila hati polepole, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili cha kwetu, na chini ya panka la upepo wazee walifumba macho kama walio safarini. Wengine hawakuwa na shughuli yoyote. Walikuja kusikiliza tu. Foleni ikarefuka. Meneja akamwonya kwa barua: akilalamikiwa tena, kazi hana. Nyumbani Matrah alikuwa na watoto watano.

Wiki ileile, mwaka 1966, akaja Bibi Mahbuba, mjane mkaazi wa mtaa wa Darsait, pamoja na shemeji yake aliyeshika hati. Dole la bibi lilikwisha kutiwa wino.

"Kusoma kwa nini? Tumechelewa!" shemeji akahimiza.

Bwana Sleyum akasoma. Alipofika pale kasha la dhahabu la bibi, lililohifadhiwa benki, linapokuwa mali ya shemeji, bibi akasema, "Hebu rudia hapo, mwanangu."

Akarudia. Bibi akafuta wino kwa kanga. "Basi dole langu nnarudi nalo nyumbani."

Shemeji alikwenda moja kwa moja kulalamika. Bwana Sleyum alipoitwa ndani, sisi tulikwisha kumuaga moyoni. Akatoka na tangazo la meneja la kubandika ukutani, kwani lalamiko lenyewe lilikuwa limemfichulia njama: hati zote zisomwe, kaunta zote.

Jumamosi karani wetu kijana, Thabit, atakaa kwenye kiti kile. Anajizoeza kusoma kwa sauti. Kiarabu chake kizuri, ila ana haraka. Tutamvumilia.

Bwana Sleyum, ahsante. Mungu akujaalie afya, na asubuhi ndefu zisizo na foleni.