Kigari cha Mama Cheche Kinagoma Kunepa

Benchi la pale kijiweni ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali. Huku karakana ya kuchomelea ya Mama Cheche, kule kibanda cha Kinyozi, na katikati chupa ya kahawa ya Kinyozi, ambayo kila mtu huimimina kama kaachiwa na marehemu baba yake. Wenye benchi lao ni watatu: Kinyozi mwenyewe, Bucha, muuza nyama, mtu wa mwili, akikaa yeye ubao unalia, na fundi redio mmoja waliyembatiza Profesa, kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akasema sijui. Asubuhi ile wote walikuwa wamegeukia karakana, maana Mama Cheche kalala chali chini ya kigari chake cha mashindano, miguu tu ndiyo inaonekana, na mashindano yenyewe ni kesho.

Kigari kakijenga kwa mkono wake kuanzia bomba la kwanza, na injini kaitoa kwenye pampu ya maji iliyokufa. Halafu kakiongezea kitu ambacho vigari vya wenzake havina: springi za nyuma. Magurudumu kayafunga kwenye mkono wa mabomba, mkono kaupa bawaba kwenye fremu, na juu yake kasimamisha shokapu mbili za pikipiki, ili njia ikiwa mbaya magurudumu yahangaike yenyewe na dereva akae kwa raha zake. Ndivyo alivyowaza. Jumapili alipokijaribu, tuta la kwanza tu likamgonga nyonga, ile ile aliyoivunja alipoanguka ngazini, akaishia kulala kwa ubavu mpaka juzi. Mwanawe mkubwa aliposikia akasema basi. Asubuhi hii anakuja na pikapu ya kazini kwake kukibeba kigari, kikauzwe chuma chakavu.

— Mi nilisema mapema, akaanza Kinyozi. Kigari hakiwekwi springi. Vigari vyote havina.

— Na vyote wanaviendesha watoto wenye nyonga mpya, sauti ya Mama Cheche ikatoka chini kwa chini. Nipe spana ya kumi na nne.

Kinyozi akampa, lakini mdomo haukufungwa.

— Ondoa hizo shokapu. Weka godoro kwenye kiti, nene, la kitanda cha maharusi. Mambo yamekwisha.

— Godoro likiloa je? akauliza Bucha.

— Litaloa na nini?

— Na wewe ukiliona lile bonde la njia ya mashindano.

Wakacheka. Mama Cheche hakucheka.

— Mimi nakata ng'ombe kila siku, Bucha akaendelea. Uti wa mgongo umeuona? Mfupa, kitu laini, mfupa, kitu laini. Ng'ombe anaruka mtaro na hasemi ai. Mama Cheche, kata vipande vya tairi, vipange na chuma, chuma tairi, chuma tairi. Utakuwa na ng'ombe mwenye injini.

— Ng'ombe wako wote wanaishia kwenye ndoano, akasema Kinyozi.

Profesa akakiweka kikombe chini taratibu.

— Nyie mnaongea mambo ya zamani. Ndani ya spika mna sumaku. Ukielekeza sumaku mbili uso kwa uso, zile zinazochukiana, hazigusani hata ulie. Sasa, sumaku hamsini kwenye fremu, sumaku hamsini kwenye mkono wa nyuma. Dereva anaelea. Tuta linapita, yeye hana habari.

— Na misumari yote ya mtaani inamfuata, akasema Bucha.

— Hilo ni suala dogo.

— Mwanamke atafika mwisho wa mashindano anafanana na nungunungu, na wewe unasema suala dogo.

— Basi kiti kielee kwenye pipa la maji, akadakia Kinyozi, ambaye godoro lake lilikuwa limeshasahaulika. Samaki gani umewahi kusikia anaumwa kiuno?

Mama Cheche akajisukuma nje kwa kiwiko. Uso una grisi, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi sikioni. Akajinyanyua kwa kushika gurudumu, polepole, ule upande mbaya ukisubiriwa na upande mzuri, na alipoona watatu wale wanamtazama, akanyooka haraka kuliko nyonga ilivyotaka.

— Mkimaliza kuwapa samaki leseni mniambie, akasema. Kigari hakiondoki na springi hazitoki. Nimewaundia watu mikokoteni, keria za baiskeli, viti vya magurudumu. Mtaa mzima umekalia kazi yangu. Na mimi nataka nikalie, hata iwe mara moja, nikimbie nao.

Hakuwaambia lililokuwa linamtafuna. Chini ya kigari alikuwa kapekua kila nati, kila bushi, na hakuona kosa. Kama chuma hakina kosa, basi kosa ni mwili wake, na mwanawe anasema kweli.

Pikapu ikaingia, ikasimama mlangoni kabisa. Mwanawe akashuka na shati lake la pasi.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo, Mama.

— Marahaba. Umeniziba mlango.

— Nimeziba makusudi. Mama, tulishaongea. Si umri wako huu.

— Umri wangu wa kuchomelea geti la bosi wako unaufurahia, lakini?

— Geti halikimbii. Siku zile za kuanguka ngazini ulikuwa unashindwa kujigeuza kitandani, nani alikuwa anakugeuza? Mimi. Sitaki kukugeuza tena, Mama. Naogopa.

Hapo hata Profesa akatazama pembeni. Mama Cheche akakalia ukingo wa nyuma wa kigari, mikono kwenye magoti, kama mtu anayezuia mlango.

— Utanibeba nacho, akasema. Hicho chuma chakavu kitapimwa pamoja na mimi humo humo.

Wakati huo alikuwa kafika mwanamke mmoja mgeni wa mtaa, kabeba jiko la mkaa lililovunjika mguu. Kasalimia, kaambiwa asubiri, kasubiri, kasikia yote. Akawa anakitazama kigari, mama kakaa juu yake na nyuma haijashuka hata kidogo.

— Samahani, akasema. Mlipokuwa mnazipima hizo springi, alikaa nani?

Kinyozi akatikisa chupa ya kahawa kana kwamba jibu limeganda chini. Profesa akaanza kuhesabu matofali ya benchi. Bucha akakiinamia kikombe, na mtu mkubwa yule akajaribu kuwa mdogo.

Wote walikumbuka. Mtu hawezi kukaa juu ya kigari na papo hapo alale chini kutazama springi inavyonepa. Siku ya kuzipima, Mama Cheche ndiye aliyelala chini, na juu wakampandisha Bucha. Zikakazwa mpaka zikambeba Bucha vizuri.

Mama Cheche akamtazama Bucha kuanzia viatuni hadi kwenye shingo. Akajitazama mwenyewe. Ukimgawa Bucha, unapata Mama Cheche mmoja na nusu na kikapu cha sokoni. Amekalia springi za mtu mwingine. Tuta lilipokuja hazikujua kama kuna mtu juu.

— Kumbe mimi mzima, akasema, polepole.

Akashuka, akainama mwenyewe, akafungua bolti ya chini ya kila shokapu, akaihamishia tundu la mbele zaidi, karibu na bawaba, ambapo springi inapoteza ubabe na mkono unanepa kirahisi. Hakuna aliyempa ushauri. Alipomaliza akapanda, akajiweka katikati ya kiti, halafu akamwangalia mwanawe.

— Lala chini utazame.

— Mama, nina shati la kazini.

— Nimeyafua mimi mashati yako tangu hayajai kiganjani. Lala.

Akasita, akakunja mikono ya shati, akalala kwenye vumbi, shavu karibu na gurudumu.

— Nikae?

— Kaa.

Mama Cheche akauachia mwili wote. Nyuma ikashuka, ikapumua, ikapanda kidogo, ikatulia.

— Imenepa? akauliza.

Kule chini mwanawe akapima nafasi kwa vidole.

— Imenepa vidole viwili. Jitingishe tena.

Akajitingisha.

— Inarudi vizuri, akasema mwanawe, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika. Inarudi vizuri sana, Mama. Haya, shuka sasa.

— Nishuke niende wapi? Toa hiyo pikapu mlangoni.