Jiko Nyuma ya Ukuta wa Materniti

Sogeeni karibu, wanangu, nisilazimike kupaza sauti, kwa maana pumzi niliyobaki nayo nimeipigia hesabu na haitoshi kusema neno mara mbili. Damas, kifungua mimba wangu, kaa hapa kichwani. Élise, usichuchumae na tumbo hilo, vuta kiti. Nina hasira, na sitakufa nikijifanya nimetulia.

Mnajua kazi yangu ilikuwa utafiti wa huduma za afya, lakini makala yangu kubwa hakuna hata mmoja wenu aliyeisoma. Isikilizeni basi kwa kinywa changu. Nilitaka kujua kwa nini wanawake wa mtaa huu, na hata wa mbali kule Buluo, walijaa katika materniti hii, nyumba ya kuzalia tunayopakana nayo ukuta, wakaziacha tupu nyingine zenye vitanda vizuri zaidi. Nikawauliza wenyewe. Jibu lilikuwa jiko: kibanda kile cha nyuma ambamo mama wa mjamzito alilala, akasonga bukari, ugali wetu, akamkanda binti yake mgongo. Hayo ndiyo niliyoyaandika. Ila katika jedwali moja nilionyesha pia kwamba wenye ndugu pembeni walikaa vitandani siku nyingi kuliko wengine. Walikaa kwa sababu walishiba, hawakuwa na njaa ya kuikimbia.

Mtaalamu mmoja wa ng'ambo akalisoma jedwali, akayaacha maelezo. Akaandika kwamba Banza, yaani mimi, amethibitisha kuwa ndugu ndio wanaojaza wodi. Wa pili akamnakili wa kwanza, wa tatu akamnakili wa pili. Na katika maandiko thelathini na nane yanayonitaja, ni mawili tu ambayo waandishi wake waliifungua makala yenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Niliwaandikia, hawakujibu. Kisha jina langu likarudi hapa Likasi limevaa koti la amri: jiko livunjwe, ndugu watoke. Likavunjwa mwaka uleule mishahara ilipokatika, wakati materniti haikuwa tena na hata uji wa kumpa mzazi.

Dada yenu Bibiane alikataa kwenda. "Papa, banafukuza ba mama, minye nitazala na nani? Siko mbuzi ya kufunga peke." Alizalia nyumbani, damu ikakataa kusimama, na mtoto tukamzika naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nanyi mnanihimiza nisamehe? Wakisahihisha walichoandika, nitawasamehe huko niendako. Hapa, la.

Damas, nimesikia umeniandalia sifa za kusomwa kwenye kilio, kwamba nimetajwa katika nchi nyingi. Zichane. Juzi ulinicheka: "Papa, jina yako iko mu vitabu ya Bazungu, na weye unalilia jiko!" Ndiyo, nalilia jiko. Najua pia umekwisha kukitafutia mnunuzi chumba hiki ninamolala na kusomea. Hakiuzwi.

Nyumba ya mbele ni yenu nyote, msigombane. Chumba hiki, ambacho ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa materniti, nawapa akina mama wa mtaa. Vitabu vitoke, mafiga yaingie, na mlango utobolewe hapa ubavuni mwangu. Nilipomwuliza Mathieu, muuguzi mkuu, alicheka mpaka akakohoa: "Papa Banza, karatasi inakataza jiko mu kiwanja ya Leta. Kwako haiko kwa Leta. Toboa!" Naam, hapa si mali ya serikali. Sufuria kubwa ya marehemu mama yenu ibaki humu, asiibebe mtu. Nakala moja ya makala ibandikwe juu ya mlango. Atakayetaka kunitaja tena, apite kwanza chini yake, ale pamoja na hawa.

Élise, mwezi ujao utaupita mlango huo, na shangazi yako atalala hapa akusikie ukiita. Usizalie nyumbani. Niahidi. Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yanaondoka… Vema.

Mungu awafunike. Asiwanyime kuni, wala mtu wa kuwakanda mgongo. Damas, nakubariki mikono, na kichwa chako kigumu pia… kitafaa kwa kazi hii. Msingoje matanga yaishe. Sogezeni kitanda. Nyundo… iko chini yake. Nataka nisikie… tofali la kwanza. Piga, mwanangu.

Piga tena.