Mikono ya Ernestina

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nyuma ya soko la samaki la Rumonge, Burundi, pale Yonasi anapouza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo, siku chache baada ya bonane, sikukuu ya mwaka mpya, ubao ulikuwa umebeba watu watatu. Wa kwanza ni Kalume, mvuvi aliyevuka ziwa zamani kutoka upande wa Kivu, Kongo. Wote humwita Kapiteni. Wa pili ni Wenceslaus, jina la kijiweni Kamusi, kwa sababu ana methali kwa kila jambo, na karibu kila mara siyo yenyewe. Wa tatu ni Niyonkuru wa taksi-moto, pikipiki ya abiria; yeye huitwa Vitesi. Kapiteni hakuwa akinywa. Mpwa wake Exaucé alikuwa Bujumbura kwa daktari wa macho, na leo ndiyo siku ya kufunguliwa bandeji.

— Kunywa, Kapiteni, alisema Yonasi. Kahawa haina kosa.

— Nitakunywa basi ya Bujumbura ikifika.

Kamusi akajikohoza.

— Usiogope, ndugu yangu. Asiye na mwana aeleke jiwe.

— Jiwe inaingiaje hapa? aliuliza Vitesi.

Jioni ile ya sherehe wote walikuwepo ufukweni. Fataki ya Exaucé iliwashwa, ikagoma. Ernestina, mama wa maandazi, alikuwa tayari amewarudisha watoto nyuma ya mitumbwi, naye akapaza sauti: "Usiiinamie! Fataki iliyogoma haijafa! Imwagie maji!" Exaucé akainama kuichungulia. Ikamlipukia jichoni.

Kapiteni alikimbia na chupa ya mawese, kwa kuwa kwao kidonda hupakwa mawese. Ernestina akamzuia mbele ya umati: "Mzee, usimtie kitu! Wala mafuta, wala maji!" Siku ya kwanza neno lile lilimchoma. Sasa kilichomchoma ni kuwaza ingekuwaje kama mama yule asingekuwepo.

— Mimi niliwabeba, alisema Vitesi, kana kwamba hakuwa amelisimulia kila siku tangu sherehe. Exaucé katikati, mama nyuma. Mikono miwili ya kijana ameishika hivi, kutoka ufukweni mpaka mulango ya hospitali. Exaucé analia: "Niachie, jicho inawasha, nisugue kidogo tu!" Mama anasema: "Lia, mwanangu, lia sana, lakini husugui." Na kijana huyo anavutaga nyavu kila siku! Mama anamufikia kwenye kifua!

— Na kile kikombe? aliuliza Yonasi.

— Alikata kikombe ya plastiki, akafunika jicho nayo, akafunga na kitambaa yake ya kichwa. Hakuna kitu inagusa jicho. Muganga alipoona akasema, "Aliyefanya hii ametupunguzia kazi."

— Ni wazi, alisema Kamusi. Huko Tanzania, ukimbizini, alisomea uuguzi.

— Uuguzi gani! alisema Vitesi. Ile nguvu ni ya jeshi. Iko na grade, cheo kabisa, nakuambia.

— Ni unga, alisema Yonasi. Anakanda beseni nzima kila alfajiri. Mukono ya kukanda unga haiachii mutu.

Kamusi akainamisha kichwa, akashusha sauti.

— Mimi nimesikia hivi. Akivuka mto Malagarasi, kiboko alimfungulia mdomo. Akaufunga. Kwa mikono.

— Umesikia kwa nani? aliuliza Yonasi.

— Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Usilete samaki ya kuoza kwangu! alisema Kapiteni, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu sherehe. Kisha uso ukamrudia uzito, akaendelea: Kiboko sijui. Lakini nimezeeka katika mitumbwi, na nimeona wanaume wakiachia kamba kwa sababu inachoma. Yule mama, Exaucé alimuuma mukono. Damu ilitoka. Hakuachia.

Hata kiboko alionekana mdogo mbele ya jambo hilo.

Basi la Bujumbura likasimama barabarani, akashuka kijana mrefu mwenye miwani myeusi, kitenge kipya kwapani. Kapiteni alisimama. Exaucé akaja mwenyewe, akavua miwani. Jicho lilikuwa jekundu kama chikichi, lakini lilikuwa wazi. Kapiteni akamfunika jicho lisiloumia kwa kiganja, akainua mkono wa pili.

— Unaona nini?

— Iko na ukungu kidogo, mujomba. Kidole moja. Na gamba ya samaki juu yake.

Kapiteni akamkumbatia, akalia bila kujificha. Yonasi akammiminia Kapiteni kahawa, nyingine ikamwagika chini, asijali. Vitesi akapiga honi ya pikipiki yake mpaka wauza ndagala, wale dagaa wa ziwa, wakageuka.

Exaucé akajitoa taratibu mikononi mwa mjomba wake.

— Murakoze, asanteni, wazee wangu. Dogiteri anasema ningesugua, jicho ingekwisha. Nimemuletea Mama Ernestina kitenge. Lakini pale anauzishaga, nimeona kwenye basi, hakuna mutu. Anakaa wapi?

Kamusi akamgeukia Vitesi. Vitesi akasema yeye alimuacha hospitalini tu. Yonasi akaanza kufuta kikombe kilichokuwa safi. Miaka yote hiyo wamekula maandazi ya yule mama kwenye ubao huu huu, na hakuna aliyejua nyumba yake.

Exaucé akawatazama mmoja mmoja, kwa macho yote mawili.

Kapiteni akaiweka kahawa chini, nzima, akavaa kofia.

— Simameni, alisema. Tunabisha mulango kwa mulango. Ya kwanza nabisha mimi.