Mhandisi wa Pangoni

Mbele yangu basini, dada mfua nguo wa hospitali alikuwa amebakiza sura moja ya riwaya: mhandisi ametumbukia zama za mawe, ameoa huko, na sasa njia ya kurudi imefunguka.

"Atarudi tu," alisema mzee aliyeketi kando yake. "Mkewe wa huku anamngoja."

"Huko pangoni anachota maji na kubembeleza watoto, baba. Kwake hakujua hata jiko liko wapi."

"Mume ni mume, mwanangu."

"Wangu anarudi leo kutoka ugenini. Miaka mitatu nimefua nguo za hospitali tu. Leo naanza zamu ya pili, nyumbani."

Mzee alikohoa, ingawa hakuwa na kifua.

Basi likasimama. Kituoni mwanamume mwenye begi la safari alimpungia dada mkono. Dada alimwona, akashusha macho, akafunua ukurasa.