Milunka, Aliyekataa Kutuacha Tukae

Jumatatu, tarehe 30 Septemba 2024, Milunka Stojadinović anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha mazoezi katika Kituo cha Michezo cha Jasenjak. Uongozi umeniomba mimi, Svetozar Purić, mtunza jengo, niandike ukurasa mmoja wa maneno mazuri kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na nimeombwa nisilete ugomvi. Maneno mazuri ninayo mengi. Kuhusu ugomvi, sikuahidi kitu.

Wiki mbili zilizopita barua ilibandikwa mlangoni. Inasema darasa la wazee la Jumanne asubuhi litakwisha siku Milunka anapoondoka, kwa sababu kunyanyua vyuma ni hatari kwa watu wa umri huo, na mahali pao patawekwa mashine sita zenye mikanda ya kutikisa kitambi mpaka kiishe. Milunka aliisoma barua mara mbili, akavua miwani. “Kama kutikisika kungekondesha mtu,” alisema, “madereva wa trekta wa Jasenjak wangekuwa wembamba kama uzi.” Nimeweka maneno yake hapa kwa sababu mkutano wa uongozi haukumpa nafasi ya kuyasema.

Alikuja kwetu Oktoba 1988, mrusha nyundo wa mkoa aliyeumia bega. Siku ya kwanza aliwapa akina mama vyuma vya kilo tano, nao wakavirudisha chini. Mmoja akamwambia, “Binti yangu, tukiota misuli kama wanaume, nani atatutazama?” Ulikuwa msimu wa kupika ajvar, rojo ya pilipili hoho ya kuweka akiba ya majira ya baridi, nyumba zote zinanuka pilipili za kuchoma. Jumamosi Milunka alikwenda sokoni akawakuta wanafunzi wake wale wale, kila mmoja na gunia la kilo ishirini na tano la pilipili, wakilipandisha kwenye mkokoteni kwa mikono yao. Darasa lililofuata aliwaambia kwamba ameona wanaume kumi na wanane sokoni, wote wamevaa sketi. Walimtukana, wakacheka, wakanyanyua vyuma. Hakuna hata mmoja aliyeota ndevu.

Kisha kuna habari ya madirisha, ambayo ni aibu yangu mwenyewe. Kila mtu hapa kwetu anajua, au anaamini kwamba anajua, kuwa upepo unaopita kati ya madirisha mawili yaliyo wazi huua. Ukiwa na jasho ndiyo kabisa: unaingia kwenye figo, unakaza shingo, unaharibu hata meno. Nilikuwa kijana na niliwapenda akina mama wale, kwa hiyo Julai moja, joto likiwa halivumiliki, nilipigilia madirisha yote misumari. Saa nne kasoro robo watatu walikuwa wamezimia sakafuni. Milunka aliwamwagia maji, akaja ofisini kwangu na koleo mkononi. Hakupaza sauti. “Svetozar, upepo haujamuua mtu humu ndani. Wewe umekaribia.” Niling’oa misumari kumi na minne huku wote wakinitazama. Nakiri kwamba mpaka leo nikipita kwenye korido ile nafunga skafu.

Majira ya baridi ya mwaka 1993 hapakuwa na mafuta ya kupashia jengo joto, na Mkurugenzi wa wakati huo alitaka kufunga. Milunka alitangaza kwamba kila anayekuja alete gogo moja la kuni. Walifanya mazoezi na magogo hayo kwa saa nzima, wakiyainua na kuyashusha wakiwa na makoti, kisha mimi nikayatia kwenye jiko la kuni la ukumbini na watu wakakaa kuota moto kabla ya kurudi makwao. Darasa halikukosekana hata wiki moja.

Aliwahi pia kupambana na mke wa mwoka mikate, aliyekuja amejiviringishia nailoni tumboni, akatoka jasho mpaka viatu vikalia. Mizani ilimwonyesha amepungua kilo moja, na yule mama akaanza kujigamba. Milunka alimletea jagi la lita moja la maji, akamsubiri alimalize, akampandisha tena kwenye mizani. “Kilo yako hiyo,” alimwambia, “imerudi nyumbani.” Yule mama alinuna wiki mbili. Leo ana miaka sabini na mitatu na hajakosa Jumanne.

Naweza kuendelea na visa hivi mpaka jarida lijae, lakini kuna kimoja ambacho lazima nikiseme, na nakisema kwa sababu ya barua ile mlangoni.

Januari 2019 mama yangu, Stamena, mwenye miaka sabini na tisa, aliteleza kwenye barafu akienda kuwalisha kuku, akavunjika nyonga. Hospitali walimfanyia upasuaji, wakamruhusu arudi nyumbani na karatasi iliyosema atembezwe kila siku. Mimi na mke wangu tuliikunja karatasi ile tukaiweka kabatini. Mtembeze mtu mzee aliyevunjika? Tulimlaza. Tulimlisha supu kwa kijiko, tukamwekea mito minne, tukafunga madirisha. Majirani walipita kunisifu kuwa mimi ni mtoto wa kweli. Wiki ya saba miguu yake ilikuwa myembamba kama mikono, na alikuwa ameacha kuuliza habari za kuku.

Milunka alikuja bila kualikwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamuuliza, “Mama Stamena, kuku wanatagaje siku hizi?”

“Muulize mwanangu,” mama akajibu. “Mimi siku hizi ni mto wa tano.”

Milunka akanigeukia. “Unamzika mama yako akiwa hai, Svetozar, na kijiji kinakupongeza.” Nilimfukuza nyumbani kwangu. Niliandika hapo juu kwamba sikuahidi kuacha ugomvi, kwa hiyo niseme yote: nilimwambia maneno ambayo hayafai kuchapishwa. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni tena, na karatasi ya hospitali aliipata kabatini kwa kumuuliza tu mke wangu iko wapi.

Siku ya kwanza mama alisimama kutoka kitandani mara moja, akalia kwa maumivu na hofu. Nilitoka nje kupasua kuni ili nisisikie. Siku ya pili alisimama mara mbili. Milunka alikuja kila asubuhi kabla ya kazi, kwa muda wa wiki kumi na moja, na hakuwahi kumwambia kwamba maumivu makali ni dalili njema. Yakizidi alimkalisha, yakipungua alimsimamisha. Mwezi Mei mama alitoka kwa fimbo mpaka kwenye banda, akawahesabu kuku, akaniuliza yuko wapi yule mwenye madoa. Alikuwa amechinjwa. Alinigombeza nusu saa akiwa amesimama, na sijawahi kufurahia matusi kiasi kile.

Tangu vuli ya mwaka ule yumo darasani. Mwezi uliopita alinyanyua kilo kumi na mbili kutoka sakafuni, mgongo umenyooka, akaziweka mahali pake bila kishindo. Hiyo ndiyo hatari inayotajwa kwenye barua.

Kwa hiyo naujulisha uongozi mapema, kwa heshima zote. Kanuni inasema darasa lazima lisimamiwe na mfanyakazi wa kituo. Mimi ni mfanyakazi mpaka 2027. Tangu Aprili, akijua kustaafu kunakaribia, Milunka amekuwa akinifundisha kila Alhamisi, na Juni alinipeleka mjini kufanya mtihani wa usimamizi wa mazoezi ya wazee. Nilifaulu mara ya pili. Cheti kimo ndani ya bahasha iliyoambatanishwa na ukurasa huu, na mashine zile sita nimezipangia nafasi nzuri ghalani. Mama yangu amesema atasimama mstari wa mbele ili nikikosea anisahihishe mbele za watu, na nina hakika atafanya hivyo.

Milunka, asante kwa miguu ya mama yangu. Asante kwa kurudi siku ile ya pili, wakati sikustahili. Hatukutakii mapumziko, maana neno hilo umelipiga vita hapa kwa miaka thelathini na sita. Tunakutakia siku nyingi zenye kazi ya kutosha, mlima wa kupanda nyuma ya nyumba, na watu wabishi wa kugombana nao. Wewe unastaafu Jumatatu. Jumanne, saa tatu asubuhi, ukumbi uko wazi, na ufunguo ninao mimi.