Bahasha Moja tu Mahakamani

HYANG-JA: Haloo? Nani mwenzangu?

SUN-DEOK: Sun-deok hapa. Namba yangu umeshaifuta?

HYANG-JA: Aa, dada. Nimepokea bila kutazama. Umekula?

SUN-DEOK: Nimekula tambi baridi. Nimekupigia tangu asubuhi mara saba, mdogo wangu. Saba. Hata mume wangu sijawahi kumpigia mara saba kwa siku moja.

HYANG-JA: Nilikuwa sauna. Simu niliifungia kabatini.

SUN-DEOK: Sauna tangu asubuhi mpaka saa nane? Si umeshaiva—

HYANG-JA: Ndo kwanza nimetoka, niko kwenye basi. Mtandao wenyewe unakatakata. Haloo?

SUN-DEOK: Nakusikia vizuri. Nilitaka kukupa habari za ile nyumba ya mlimani, huku kwetu Gunsan. Ile niliyoitaja siku tulipozunguka na kundi kutazama nyumba za mnada. Nyinyi mlichoka mkaenda kunywa kahawa, mie nikapanda zile ngazi peke yangu.

HYANG-JA: Yenye yule mpangaji mzee.

SUN-DEOK: Mzee Guk.

HYANG-JA: Naikumbuka. Ile ni yako, dada. Aliyeitaja kwanza ndiye mwenye nayo, wengine mikono mifukoni.

SUN-DEOK: Hiyo sheria aliitunga nani?

HYANG-JA: Wewe.

SUN-DEOK: Na aliyepiga makofi kuliko wote?

HYANG-JA: Mimi, dada.

SUN-DEOK: Haya. Leo imeuzwa mahakamani.

HYANG-JA: Wee. Kwani wewe hukwenda?

SUN-DEOK: Sikwenda. Nimeiacha. Aliyekuwepo ni Bwana Bang wa kundi letu, alikwenda kununua duka. Anasema kwa nyumba ile bahasha ya bei ilikuwa moja tu. Kaileta mama mmoja kavaa kofia, barakoa na miwani ya jua, humo humo ndani. Bang alidhani ni msanii wa tamthilia aliyefilisika.

HYANG-JA: [anacheka, anakohoa] Watu wana mambo.

SUN-DEOK: Karani akasoma jina la mnunuzi kwa sauti. Pyo Geum-rye. Yule mama katumwa tu. Nami hilo jina kama nimeliona mahali.

HYANG-JA: Jina la kawaida hilo.

SUN-DEOK: La kawaida kabisa. Nadhani lilikuwa kwenye bango, sherehe ya mtu kutimiza miaka themanini, na mie nina keki ya mchele mkononi. Ilikuwa sherehe ya nani ile, tulikwenda wote?

HYANG-JA: Kuna mkwaruzo, dada, sikusikii— Hujaniambia kwa nini umeiacha.

SUN-DEOK: Unataka kujua?

HYANG-JA: Nauliza tu. Nijifunze.

SUN-DEOK: Jana jioni nilimpelekea mzee uji wa boga. Mara ya nne hiyo. Mara tatu za kwanza hakunitolea hata mnyororo wa mlango. Jana kafungua, kala, kaniletea bati la biskuti lenye karatasi zake za upangaji. Mahakama imeandika kwamba aliingia Mei, baada ya nyumba kuwekwa rehani benki. Stakabadhi yake inasema Januari.

HYANG-JA: Kabla ya benki.

SUN-DEOK: Kabla ya benki. Sasa wewe na mimi tumesoma darasa moja la minada. Mpangaji akiitangulia benki, amana yake anairudisha nani?

HYANG-JA: Aliyenunua.

SUN-DEOK: Yote. Akiba ya maisha yake aliyomkabidhi mwenye nyumba alipoingia, karibu sawa na bei ya nyumba yenyewe. Yaani yule mama kanunua nyumba moja mara mbili. Ndiyo maana asubuhi niliwapigia watu wote wa kundi, asije mtu akajikwaa. Wote walipokea, isipokuwa aliyekuwa sauna.

HYANG-JA: Na huyo mama akiamua kuiacha?

SUN-DEOK: Ile sehemu ya kumi ya bei aliyotanguliza haimrudii.

HYANG-JA: Lakini ile ilikuwa ada ya—

SUN-DEOK: Ada ya nani?

HYANG-JA: Nasema labda. Labda ni ada ya mwanawe. Na labda hakuwa na roho mbaya, dada. Labda alimsikia mwenzake akiisifu ile nyumba kila siku, na mwenzake huyo ana nyumba tano, yeye hana hata—

SUN-DEOK: Tatu.

HYANG-JA: Tatu. Yeye hana hata moja.

SUN-DEOK: Angesema. Ningemwachia, na uji ningempelekea mzee mimi mwenyewe. Nyumba zipo, Hyang-ja, kila wiki mahakama inauza. Mie imeniuma ile barakoa.

HYANG-JA: [basi linanguruma]

SUN-DEOK: Upo?

HYANG-JA: Nipo. Huyo mama hana njia nyingine?

SUN-DEOK: Anayo. Kosa liko kwenye karatasi ya mahakama. Ana siku saba za kuomba ununuzi ufutwe, akiwa na stakabadhi ya Januari mkononi. Akiwahi, hela yake anaweza kurudishiwa.

HYANG-JA: Na stakabadhi iko kwa mzee.

SUN-DEOK: Ndani ya bati. Na mzee hamfungulii mtu asiyemjua.

HYANG-JA: Anakufungulia wewe.

SUN-DEOK: Mie na uji wangu.

HYANG-JA: Dada... ungekubali kumpeleka?

SUN-DEOK: Nitampeleka. Kesho saa tatu asubuhi anikute chini ya ngazi. Aje na uso wake.

HYANG-JA: Nitamwambia.

SUN-DEOK: Utamwambia nani? Wewe si ulikuwa sauna?

HYANG-JA: [basi linafunga breki]

SUN-DEOK: Haloo? Umeshuka?

HYANG-JA: Sijashuka. Dada, ni mimi. Ile kofia, ile bahasha, ni mimi. Nilikuwa naiona simu yako inaita, naigeuza uso chini. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Dada? Unanisikia?

SUN-DEOK: Nakusikia. Kesho mama mkwe wako naye aje, jina lililoandikwa ni lake.

HYANG-JA: Mama hajui kitu. Nilimwambia muhuri wake wa kusainia nautaka kwa mambo ya pensheni.

SUN-DEOK: Basi leo una watu wawili wa kuwaambia, na mmoja umeshamwambia. Kata simu, mdogo wangu, ukamtafute wa pili.