Mama Bilhah Chepkemboi na Jirani Aliyekaa Katikati

Wachungaji, jamaa, majirani wa hapa Kapkatet na wageni wetu kutoka Kericho, Chebunyo na upande wa ziwa, mimi ni Kipkurui, kifungua mimba wa huyu mama tunayemzika leo Jumamosi tarehe 13 Juni 1998, na nimepewa dakika kumi kwa sababu mvua ya saa nane haingoji mtu, na kwa sababu familia yangu inanijua.

Mama Bilhah Chepkemboi alizaliwa upande wa Chebunyo, kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari 1922, siku ambayo serikali iliwazalia wazee wetu wengi kwa pamoja, lakini yeye alijua tu kwamba ulikuwa wakati wa kupalilia wimbi. Mwaka 1934 alisoma kwa wamisheni miezi minne, akajifunza kuandika jina lake na kusoma nambari, halafu ng'ombe wakakosa mtu wa kuwachunga na masomo yakaishia hapo.

Tarehe 14 Desemba 1944 aliolewa na baba yetu, marehemu Mzee Joel arap Lang'at, aliyetangulia mwaka 1980, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1946, Rodah mwaka 1949 na Hezekiah mwaka 1953, na tangu siku niliyozaliwa wanawake wakamwita Bot Kipkurui, yaani mama wa Kipkurui, jina ambalo mimi nililishika kama hati ya shamba.

Mwaka 1956 aliandikwa kuchuma chai kwa shamba moja kubwa upande wa Kericho, akapewa mstari kando ya Mama Beldina, mke wa marehemu Alfayo Ooko aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani, watu waliotoka ziwani wakazoea baridi yetu, na kwa miaka ishirini na moja hawa wawili walichuma majani mawili na chipukizi, bega kwa bega, wakigombana kwa Kiswahili cha shamba kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vya kutosha kumtukana vizuri. Waliacha kazi pamoja tarehe 30 Septemba 1977, Mama akarudi kwa chai yake hapa nyumbani, na Beldina na mumewe wakanunua kiploti hapo chini ya boma letu, hatua mia mbili, nimezihesabu mwenyewe nikiwa nimekasirika.

Hapa naacha kidogo karatasi niliyopewa. Mimi nimemwonea Mama Beldina wivu miaka mingi, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu wawili, dereva wa lori ambaye amelala Kampala, Kigali, Bukavu na Lusaka bila kuogopa kitu. Nilimletea Mama kitenge kutoka Bukavu, nikarudi nikakuta kimekatwa katikati, nusu imevaliwa na Beldina. Nilimletea chupa ya chai ya kutoka Kampala, nikaikuta kwa meza ya Beldina. Aprili 1992, wakati majirani walioombana chumvi miaka yote walianza kuogopana, na watu wengi wa ziwa wakafunga mizigo, Mama alimlaza Beldina kwa kitanda changu wiki sita, na vijana wetu walipokuja kumuulizia, alisimama mlangoni na jembe akamwuliza kila mmoja ni mtoto wa nani, mpaka wakaona haya wakaenda. Mimi nilirudi kutoka Lusaka nikalala stoo na mahindi, na badala ya kujivunia mama kama huyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kitanda.

Mnajua vile Mama alivyozeeka. Mwaka 1988 aliacha uenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwaka 1990 akaacha kwaya, na mwaka 1993 akatangaza kwamba wageni waje Jumapili peke yake, watu wakasema Bot Kipkurui amechoka na binadamu. Lakini kila asubuhi alichuma chai yake na Beldina, vikapu viwili vidogo, wakavipeleka wenyewe kituo cha kununua chai, na karani akiwauliza kama hiyo ni chai ya kuuza au ya kikombe kimoja, Mama alimjibu apime anyamaze, na saa tisa walikaa kwa Beldina mpaka ng'ombe wa kukamuliwa aanze kulia.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996 alikuja binti wa chuo kikuu anayeitwa Winny, yuko hapa leo, alikuwa anaandika juu ya uzee, akatueleza vizuri kwamba wako wasomi wanaosema mzee hujitenga pole pole na watu nao wakajitenga naye, wengine wanasema mzee hukaa vizuri akiendelea na kazi na shughuli zake, na wengine wanasema mzee hapotezi watu, anawachagua, anabaki na wale wachache ambao moyo wake unawataka. Nikamwambia Mama anafanya hayo yote matatu kabla ya saa nne asubuhi.

Winny alichora miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine, akampa Mama punje za maharagwe aweke watu wake, na katikati kabisa awekwe yule ambaye bila yeye maisha hayawezi kufikirika. Mama hakungoja. Akaweka ya kwanza katikati, akasema, "Beldina." Akaweka Rodah, akaweka Hezekiah. Kwa mduara wa pili akaweka ng'ombe wake, na Winny akisema miduara ni ya watu, Mama akamwambia, "Andika tu, huyu namwona kila siku." Mimi nimekaa hapo hapo, nahesabu. Winny, aliyemwita Mama Kogo, yaani bibi, akauliza, "Na huyu kijana wako, Kogo?" Mama akashika punje yangu, akaigeuza, akasema, "Huyu usimwandike. Ukimweka mahali hakai," akaitia kwa mfuko wa sweta. Ilienda wapi sijui, nafikiri iliingia kwa githeri, ile sufuria ya mahindi na maharagwe. Kwa hiyo hadithi nimewachekesha madereva hadi mpaka wa Malaba, na kila mara nikimaliza kucheka, kuna mahali palikuwa panauma.

Mama alianza kuvimba miguu tarehe 3 Machi mwaka huu, akalazwa hospitali ya hapa Kapkatet tarehe 19 Mei, na Jumanne tarehe 2 Juni, saa kumi na moja asubuhi, akatuacha, Beldina akiwa ameshika kikombe, na mimi nikiwa foleni ya Malaba.

Juzi Alhamisi nilienda kwa Mama Beldina kuomba viti. Akaniambia, "Kaa chini, mtoto wangu," akatoa mkebe wa biskuti, na ndani zilikuwa postikadi zote nilizomtumia Mama kutoka safarini, thelathini na moja, kwa sababu Mama hakuweza kuzisoma na Beldina aliweza. "Saa tisa ilikuwa ni wewe tu," akaniambia, "hii ya Kigali alinirudisha nisome tena na tena pale ulipokwama kwa matope, mpaka nikakuchukia. Mimi nataka tuongee juu ya chai, yeye anataka Kigali. Nilikuonea wivu, Kipkurui." Nikacheka, halafu sikuweza kuendelea kucheka. Na bado namwonea wivu, kwa sababu yeye aliona Mama akisikiliza, na mimi sikuona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kapkatet, majirani mliokesha na kuteka maji, kanisa, wenzake wa kituo cha kununua chai, na madereva wenzangu mliolichukua lori langu pale mpakani ili nifike.

Jambo la mwisho. Kwa programu mliyo nayo, ukurasa wa pili, kwa kuweka udongo, familia ni kwanza, na Mama Beldina ni namba nne kwa majirani. Aliyeandika programu hiyo ni mimi, nilijua ninachofanya, na hata kalamu ilijua. Naomba muifute. Mama Beldina, njoo hapa mbele na hiyo nusu ya kitenge, ile nyingine Mama amezikwa nayo, weka udongo wa kwanza, nami nitafuata nyuma yako.

Pumzika kwa amani, Bot Kipkurui. Mkebe umebaki kwa Beldina, na saa tisa nitakuwa nakwenda kukaa pale.